Bibi Yetu Aliyekuwa Ndani ya Ngome

Jumapili, mwezi wa saba. Mawingu tangu alfajiri, na manyunyu ambayo hayakatiki wala hayawi mvua.

Niwieni radhi. Ni miezi sasa sijaandika hapa, na kuna kina mama walionitumia kurasa za vitabu vya watoto wao, wengine kutoka mbali, nami sikuwajibu hata neno moja la ahsante. Si kiburi. Imran, mwanangu mdogo, anaota meno, halali mpaka nimbebe nimtembeze, na akishalala mimi huwa sina tena kichwa cha kupanga maneno. Halafu sikutaka kuandika kabla sijajua mambo yataishia wapi.

Sasa najua. Swabra anaenda.

Mtoto amelala kidogo. Nguo nimeanika ndani kwa sababu ya hali ya hewa, na nyumba nzima inanuka sabuni na unyevu. Wacha niandike.

Kwa asiyenijua: mimi niko Mombasa, mtaa wa Kibokoni, orofa ya juu ya nyumba ya mama yangu. Mama yuko chini. Swabra ni binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na mmoja. Da Muna ni dada yangu mkubwa, ameolewa Maskati, Oman, na wanawe watatu wamezaliwa huko huko. Mwanzo wa mwaka alipiga simu akasema Swabra aende akae naye, asome shule moja na wanawe, mumewe ameshakubali kusimamia kila kitu.

Nasema alisema. Hakuomba. Kwetu mama mkubwa haombi mtoto wa mdogo wake, kwa sababu yule mtoto ni wake pia. Ukimkatalia si kwamba umemnyima jambo, umemwambia yeye si mama. Na Da Muna ndiye aliyenilea mimi mama alipokuwa mgonjwa. Ndiye aliyenisuka nywele na kunipeleka chuoni kusoma Kurani, na akanipiga pia. Ningeanzia wapi kumwambia la?

Na sababu zake ni nzuri. Darasa la Swabra limejaa hadi dirishani. Baba Swabra kazi yake ya bandarini imekuwa ya kuitwa na kurudishwa, tangu makontena yaanze kupakiwa kwenye treni moja kwa moja kwenda bara. Siku nyingine anatoka saa kumi na moja alfajiri, na saa nne yuko mlangoni, anavua viatu.

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne, na somo nililolipenda lilikuwa historia, ingawa sikulipata vizuri. Kwa hiyo Da Muna aliposema vile, sikuwaza chakula wala joto la huko. Niliwaza: watamfundisha nini kuhusu sisi? Ndiyo maana niliandika hapa nikawaomba, mwenye mtoto shuleni katika nchi yoyote, anipigie picha ukurasa unaotaja pwani yetu, anitumie.

Mlinitumia.

Nimezisoma zote, nyingine mara nyingi, Imran akiwa begani. Mama mmoja wa Toronto aliniambia kitabu cha dunia nzima cha mwanawe kina sura moja ya Afrika: Misri ya kale, halafu mnajikuta tayari mmefungwa minyororo ndani ya meli inayoelekea Amerika. Mwanawe alimuuliza kama katikati hapo hakukuwa na watu. Shoga yangu Mwanasiti, anayepika chakula cha watoto katika shule moja Kizingo, alinipigia picha kitabu cha Kiingereza wanachosomea pale. Humo Waingereza wanazuia meli za watumwa, na pwani yetu ni mshale kwenye ramani. Shule hiyo iko kisiwani humu humu. Watoto wanaletwa na gari, wanasoma historia ya London, jioni wanarudishwa na gari.

Mama Wambui, aliyekuwa jirani yetu mumewe alipokuwa akifanya kazi reli, alinitumia kitabu cha mwanawe kutoka Nakuru. Mombasa imo. Ni mahali reli ilipoanzia. Mstari unaofuata treni iko Voi. Ni kama mlango: watu wanaupita, hakuna anayeishi mlangoni.

Na mama mmoja wa Unguja aliniletea masultani na mapinduzi, Mombasa hata haikuguswa.

Sikuudhika na yeyote. Kila mtu anawafundisha wanawe habari za nyumba yake. Lakini nilihisi uzito fulani, kama vile mtu anapita kwa jamaa wote kuuliza kama jina lake limetajwa, na kote anaambiwa aketi kwanza.

Kisha Da Muna akanitumia ukurasa wa kitabu cha wanawe. Kiarabu changu ni cha chuoni, natamka kila herufi na maana napata nusu, kwa hiyo alinieleza kwa sauti kwenye simu. Humo tumo. Wareno waliikalia Mombasa kwa dhuluma, jeshi la Oman likavuka bahari, likaizingira Ngome yao ya mawe muda mrefu, likaingia, watu wakafurahi. Kuna na picha ya Ngome, ile ile tunayoipita tukienda hospitali.

Nilifurahi, sitawaficha. Nilisema, huko angalau atajulikana anatoka wapi.

Sasa lazima niwaeleze hadithi ya mama, maana bila hiyo hamtaelewa.

Mama akichambua mchele hupenda kusimulia, na anayo moja anayoirudia kuliko zote. Anasema watu wa Mombasa wenyewe ndio waliotuma ujumbe kuomba msaada. Waliokuja kusaidia wakasaidia, kisha hawakuondoka. Na anasema Ngome ilipozingirwa, ndani hawakuwamo Wareno peke yao. Walikuwamo watu wetu pia, na mmoja alikuwa bibi yetu, bibi wa bibi wa mabibi zake, aliyekuwa akiwapikia. Ndani kukaingia maradhi. Watu wakafa, na yeye akawa anapika kwa ajili ya wachache, kisha wachache zaidi. Siku lango lilipofunguliwa alitoka na sufuria mkononi kwa sababu hakujua aiache wapi. Hakuna aliyemuuliza alikuwa upande gani.

Jina lake halijulikani. Mama anamwita Bibi wa Ndani.

Sisi sote tumekua na Bibi wa Ndani. Ukikataa kuosha sufuria, utaambiwa Bibi wa Ndani alitoka vitani na yake imeng'aa. Ukilalamikia wali bila mchuzi, utaulizwa kama unataka kwenda kula Ngomeni.

Mwezi wa sita shule ya Maskati ikataka kumuona Swabra kwa video. Tulimvalisha buibui jipya na mtandio mweupe, tukaiegemeza simu kwenye birika. Da Muna alikuwa kule, ameketi kando ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke mpole, anazungumza Kiingereza polepole ili mtoto amfuate. Akamuuliza hesabu, akajibu. Akamsomesha kidogo, akasoma. Kisha, nadhani kwa kumliwaza tu, akamwambia: kwa hiyo wewe unatoka Mombasa, niambie unajua nini juu ya Waomani na Mombasa.

Swabra akachangamka. Akaeleza yote. Waliitwa, wakaja, wakasaidia, halafu hawakurudi kwao. Na akasema kwa fahari, mgongo umenyooka: bibi yetu sisi alikuwa ndani pamoja na Wareno, alikuwa mpishi wao.

Nilimuona dada yangu akiangalia chini.

Mwalimu hakukasirika. Alitabasamu, akasema mtoto ana akili ila arudi tena baada ya wiki chache, ajiandae kidogo kwa somo la jamii. Simu ilipokatika haikuchukua muda, ikalia tena.

"Wewe mtoto umemlisha nini?" Da Muna akaniuliza.

"Amesema anayosikia nyumbani, dada."

"Ya nyumbani ni ya nyumbani. Mimi hapa nimeketi na mwalimu mkuu wa wanangu, naambiwa nyanyangu alikuwa mpishi wa Wareno. Mfunze ajibu la kitabu. Na yule bibi asimtaje."

"Kwani uongo? Wewe hukuambiwa na mama?"

 Akasema, kwa sauti ya chini, "Niliambiwa. Hapa sijamwambia mtu."

"Hata watoto?"

"Ningewaambia lini, mdogo wangu? Wanarudi kutoka shuleni na neno lao."

Basi nikamfunza. Kila alasiri akitoka chuoni, mimi nashona kofia, yeye ameketi mkekani, namuuliza naye anajibu. Nani aliikomboa Mombasa? Walikuja kwa sababu gani? Watu walifanya nini lango lilipofunguliwa? Mwanzoni alikuwa akicheka na kuniangalia kwa pembe ya jicho, kama tunaocheza mchezo. Akifika langoni anasema, "Watu wakafurahi," kisha ananong'ona, "na sufuria." Nami namwambia, "Swabra, hapana. Usimtaje." Nilikaza. Nilijua kwamba nikicheka naye siku moja tu, atacheka mbele ya mwalimu.

Baada ya siku kadhaa aliacha kunong'ona.

Alhamisi ya juma lililopita wakamuita tena. Alijibu vizuri sana. Alijibu kama maji yanayotoka mferejini, bila kufikiri. Mwalimu akampongeza, Da Muna akalia kwa furaha, na mama huku chini akapiga kigelegele hadi jirani akatoka barazani kuuliza nani anaolewa.

Mimi nilienda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Kesho yake, Ijumaa, mama alikuwa akichambua mchele wa biriani. Ameketi kwenye kibao chake, uteo wa kupepetea magotini, Swabra kando yake anaokota vijiwe. Mimi nilikuwa nammenyea vitunguu. Mama ana furaha, mjukuu wake anapanda ndege, akaanza hadithi yake bila hata kuombwa. Alipofika kwa Bibi wa Ndani, Swabra akasema, kwa adabu kabisa, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele:

"La, bibi. Ndani walikuwa Wareno tu."

Mama akafikiri anatania. "Wareno tu! Na wewe umetoka wapi, kwenye gunia?"

"Kweli, bibi. Kitabu chasema. Watu wetu walikuwa nje, wakingoja lango lifunguliwe. Wakafurahi."

Nilimtazama mwanangu nikitafuta lile jicho la mchezo. Halikuwapo. Alikuwa akimsahihisha bibi yake kwa upole, jinsi unavyomuelekeza mtu mzima aliyevaa kandambili kinyume.

Mama alipepeta mara moja, mara mbili. Akasema, "Haya. Kama kitabu chasema hakuweko, hakuweko." Akaendelea na mchele.

Hakumalizia hadithi. Biriani ililiwa, watu wakasifu. Tangu siku hiyo hajasimulia kitu, na mimi naogopa kumuomba.

Jana jioni nilimuacha Imran na babake nikampeleka Swabra bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Upepo ulikuwa mkali, watu ni wengi vile vile, watoto wanakimbizana, moshi wa mahindi unatuingia machoni. Tulinunua mihogo ya kukaanga, yenye pilipili na ndimu, tukakaa ukutani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Nikamwambia, mwanangu, unajua yale tuliyokuwa tukisoma yalikuwa ya kumjibu mwalimu tu.

"Ya uongo?"

"Si ya uongo. Si yote."

Akatafuna muhogo. "Wewe ndiwe uliyenambia nisimtaje Bibi wa Ndani."

"Nilikwambia usimtaje pale."

"Hukusema pale, mama. Ulisema usimtaje."

Ni kweli. Sikusema pale.

Akaniuliza, "Kwa hivyo aliweko?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Maana mimi sijui. Mama hajui jina lake. Hakuna kitabu hata kimoja kati ya vyote mlivyonitumia kinachomtaja, wala kinachosema hakuwako. Labda alikuwako. Labda kuna bibi mmoja, zamani, aliyechoka na watoto wasioosha vyombo, akamtunga. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimefanya kile kile kinachofanywa na kitabu, kusema kwa uhakika jambo ambalo sikuliona.

Nikamwambia sijui. Nikamwambia kwamba hata hivyo bibi yako alipewa neno hilo na mama yake, naye na wake, na hakuna hata mmoja wao aliyeliweka chini njiani. Ukienda kwa mama mkubwa, mwalimu mpe la kitabu chake, kwa heshima, upasi. Lakini ukiwa na bibi, utamsikiliza mpaka amalize. Hutamkata tena. Nilisema kwa ukali kidogo, nadhani, kwa sababu aliacha kutafuna.

"Na wakiniuliza wale kina Khalfan?" Khalfan ni mwana wa Da Muna, rika lake.

"Wakikuuliza nini?"

"Kwamba sisi ni nani."

Nikamfuta pilipili mdomoni.  Nilimwambia twende, babako hamuwezi Imran saa hizi.

Asubuhi ya leo Da Muna amepiga kusema tiketi ni ya mwisho wa mwezi wa nane. Nimemwambia sawa. Sikumkatalia, na sitamkatalia. Nimeshawaza pande zote na kila upande ninaoona una mlango wa darasa lililojaa au mume anayevua viatu saa nne. Lakini nimemwambia neno moja, na sijawahi kusema na dada yangu kwa sauti ile. Nimemwambia Swabra atabeba bahasha yenye kurasa za vitabu, wala asimchukulie. Siku wanawe watakapotaka kuziona, wamwombe Swabra awasomee, na aanze na ya bibi. Nimesema nitaiandika mimi mwenyewe, kama mama anavyoisimulia, pamoja na sufuria.

 Da Muna akasema, "Iandike kwa hati kubwa. Khalfan Kiswahili hasomi vizuri."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa tatu. Mwana wa dada yangu hasomi Kiswahili vizuri. Swabra atakuwa hasomi vizuri kwa muda gani?

Nimeshuka kwa mama nikamuomba anisimulie polepole, niandike. Amesema kichwa kinamuuma. Nitashuka tena kesho, na kesho kutwa.

Imran ameanza kujigeuza, sina muda mrefu. Kurasa nilizo nazo zinabaki hivyo hivyo, ahsanteni mno, sitazitaja tena. Ninachohitaji bado, kabla ya mwisho wa mwezi wa nane, ni hiki:

Ukurasa wa kitabu cha shule cha Ureno, mahali wanapowafundisha watoto wao kuhusu Mombasa, hata kama ni jina tu katika orodha ya miji. Mwenye kujua Kireno anifafanulie chini yake kwa kalamu.

Ukurasa wa kitabu cha India, hasa Gujarati, kama wanataja wafanyabiashara wao waliokaa huku.

Kitabu cha Lamu, Pate au Malindi, chochote kilichoandikwa kwa ajili ya watoto, hata kama ni cha chuoni na hata kama ni kurasa zilizochanika.

Kitabu cha zamani cha historia cha shule zetu wenyewe, kile tulichosomea sisi kabla ya mtaala kubadilika. Changu kililowa mvua ilipoingia kwa paa. Nataka ukurasa wa Wareno na ule unaoufuata.

Bahasha ngumu ya plastiki, saizi ya kitabu cha shule, yenye kifungo kisichofunguka chenyewe.

Na kama kuna yeyote kati yenu aliyempeleka binti kwa mama mkubwa ng'ambo, na akarudi, aniandikie alirudi vipi. Kama alikaa na bibi yake, na walizungumza nini siku ya kwanza. Hili hata likija peke yake, bila mengine, linatosha.